Blu-ray Kwenye Mac: Diski Inasomeka, Filamu Haichezi

Apple ilijiunga na bodi ya chama cha diski za Blu-ray mwaka 2005, hivyo wapenzi wa filamu walitarajia kompyuta za Mac ziwe za kwanza kuzipokea diski hizo. Haikuwa hivyo. Oktoba 2008 Steve Jobs, mkuu wa Apple wakati huo, alilalamikia ugumu wa leseni za Blu-ray, na Apple haijauza Mac yenye kiendeshi cha Blu-ray hadi leo.

Kiendeshi cha nje cha Blu-ray, kinachochomekwa kwa waya wa USB, humaliza nusu tu ya tatizo. Kiendeshi cha DVD hakitoshi: DVD ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7, ilhali Blu-ray ya safu moja hubeba 25, kwa kuwa leza yake ya rangi ya buluu-zambarau ina mawimbi mafupi yanayoweza kusoma alama ndogo zaidi. Kiendeshi cha Blu-ray kikichomekwa, Mac huiona diski na kuonyesha hata mafaili yaliyomo.

Filamu haichezi.

Kinachozuia ni AACS, kufuli la kidijitali lililowekwa juu ya picha na sauti. VLC, programu ya bure, inasoma Blu-ray tangu toleo la 2.0 la mwaka 2012, lakini haiji na funguo za kufuli hilo. Programu nyingine, MakeMKV, huvunja kufuli hilo, huitoa filamu kwenye diski na kuihifadhi kama faili la kawaida, ambalo huweza kuzidi gigabaiti 30. Hata hivyo, nchini Marekani sheria ya 1998 inakataza kwa jumla kuvunja kufuli za aina hii, hata kwa aliyeinunua diski dukani kihalali. Mnunuzi huyo anaonewa.