Kabla Utume Doo ya Dau: Kruzi ya Hapa Coast Ni Likizo Ama Ni Kukulwa Ganji?

Kila mbogi iko na yule msee mmoja. Mwezi wa kumi ukifika anaunda grupu ya WhatsApp, anaweka picha ya jua likizama, tanga jeupe na dem mwenye kofia kubwa, alafu anaandika: "Desemba ni kruzi Coast, kila mtu atume 5K." Watu thelathini wanaweka emoji ya moto. Sita wanatuma doo.

Kama wewe ni mmoja wa hao sita, ama bado unajiuliza, hii ni yako. Je, kupanda chombo baharini hapa hapa Kenya, bila paspoti, ni likizo ya ukweli ama ni picha za Insta tu? Mimi nasema inaeza kuwa tamu kuliko siku tatu za kulala kando ya swimming pool, lakini lazima ujue ni nini hasa unanunua. Wengi wananunua picha. Kumbe kinachouzwa pale ni upepo, maji na muda wa nahodha, na hizo vitu tatu haziangalii kalenda yako.

Kwanza tutoe zile meli kubwa kwa stori. Ndio, Mombasa iko na kituo cha meli za watalii pale bandarini Kilindini, na zile ghorofa za kuelea huingia, sana sana miezi ya joto. Lakini zinapita tu. Abiria wake walipandia mbali, wanashuka kuona Fort Jesus ama kukimbia Tsavo, alafu wanarudi kitandani kwao. Si mathree ya kupandia steji. Meli kubwa ya likizo fupi yenye inaeza kuitwa ya karibu inaanzia Durban, Afrika Kusini, kule MSC huwa na safari za kwenda upande wa Msumbiji. Tangu 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, kwa hivyo si ndoto. Lakini ukiongeza tiketi ya ndege, hiyo si karibu na nyumbani tena. Tuiache.

Kruzi ya kwetu ni dau, jahazi, mashua ama boti ya injini. Ukiskia mtu amesema "tulienda kruzi Diani," mara nyingi anamaanisha Wasini, na hiyo ndio ningekushow uanze nayo. Gari inakuchukua mapema asubuhi, mwendo wa kama lisaa hadi Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Pale mnapanda chombo na kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na KWS. Kisite huruhusiwi kuvua hata dagaa. Mpunguti ndio wavuvi wa pale wanaruhusiwa, kwa njia zao za kienyeji. Hiyo sheria ndio inafanya samaki wa kila rangi wajae mita chache chini ya miguu yako. Unavaa miwani na mrija wa kupumulia, unaweka uso kwa maji, na kwa dakika kumi unasahau kuna kitu inaitwa Fuliza.

Hujui kuogelea? Hauko peke yako, nusu ya Nai iko hivyo. Unavaa jaketi ya kuelea, unashika boya, na mtu wa boti anakuvuta polepole. Samaki hawajali.

Pomboo huonekana sana njiani, lakini hao hawajaandikwa kazi na mtu. Msee akikuapia "mia kwa mia mtawaona," hiyo ni mdomo ya biashara. Vile vile nyangumi: kati ya Julai na Septemba hivi, wale wakubwa wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka maji baridi ya kusini kuja kuzaa kwa maji ya joto, na boti za Diani na Watamu huenda kuwatafuta. Kuwatafuta, nimesema. Ukimpata mmoja akiruka utaambia wajukuu. Ukimkosa, umepigwa na jua masaa matatu na doo hairudi.

Kitu ingine wauzaji hawasemi: lile tanga la kwa picha mara nyingi huwa limekunjwa. Madau mengi ya watalii huenda kwa injini, ju lazima mfike na mrudi kwa wakati. Si makosa yao. Lakini kama kichwani mwako ulikuwa unaskia upepo na mbao zikilia, uliza kabla ya kulipa: "Nahodha, tutapandisha tanga ama ni injini tupu?" Swali dogo, linaokoa kununa kwingi.

Mchana mnashuka kisiwa cha Wasini kwa chakula: kaa, samaki, wali wa nazi. Kisiwani hakuna magari, na hiyo kimya pekee iko na bei yake. Usikimbilie kulala baada ya kula. Kuna bustani ya matumbawe ya kale katikati ya mikoko, na njia ya mbao inayosimamiwa na akina mama wa kijiji. Kiingilio ni kidogo na kinabaki pale pale. Wasini ni kijiji cha Waislamu, so vaa leso juu ya hiyo bikini, salimia wazee shikamoo, na chupa yako iache kwa boti. Mkirudi Shimoni, ulizia mapango. Wenyeji wanasimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa. Si mahali pa kudansia TikTok.

Sasa, kama unachotaka ni upepo wenyewe, Lamu ndio mwalimu. Unafika Mokowe kwa barabara, unavuka kwa boti, na kutoka hapo maisha ni miguu, punda na maji. Mji wa kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, lakini kwa watu wa huko mashua ni kama nduthi mtaani kwenu: ndio usafiri. Nahodha anasoma upepo kwa shingo, anarusha neno moja, baharia anahamisha tanga na nyinyi mnahamisha makalio kwenda upande wa pili. Mnaweza kuzunguka Manda, na maji yakijaa mnapenya kwa mikoko hadi magofu ya Takwa. Jioni samaki anachomwa ufuoni, na huyo ni wa leo asubuhi.

Wengine huchukua safari ya kulala nje, siku mbili tatu. Hapo jiulize vizuri. Hakuna shawa, choo ni kujipanga, na godoro ni jembamba. Kwa wengine hiyo ndio likizo bora ya maisha. Kwa wengine ni boarding tena. Na kama mpango ni kupanda kaskazini hadi karibu na mpaka wa Somalia, angalia kwanza ilani za usalama, si maneno ya grupu.

Kuna kitu watu wa bara hatufunzwi: Coast iko na saa mbili, ya ukutani na ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu masaa sita kila zamu, na kila siku ratiba inasonga mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu ama ukiandama, inakuwa bamvua: maji yanapanda juu sana na kushuka chini sana, na Mombasa tofauti inaeza kufika karibu mita nne. Hiyo ni urefu wa nyumba ya chini. Ndio maana lile fungu la mchanga la Watamu, lenye kila influensa amelala juu yake, huonekana tu maji yakitoka. Mkifika yamejaa, mtaonyeshwa bahari na kuambiwa "iko hapo chini." Mida Creek ni kinyume, huko boti inataka maji ya kutosha. Kwa hivyo kabla ya kuchagua tarehe, mpigie nahodha umuulize maji yanatoka saa ngapi hiyo siku. Nahodha wa ukweli anajua bila kuangalia simu.

Alafu kuna upepo. Kaskazi huvuma kama kuanzia Desemba hadi Machi: bahari hutulia kiasi, maji huwa masafi, samaki unawaona poa. Kusi inaingia na mvua za Aprili na Mei na kukaa hadi Septemba hivi: mawimbi makubwa, maji yamechafuka, tripu zingine zinafutwa. Ndio maana hoteli za Mei huwa bei ya kutupa. Si kwamba wamekupenda. Ukienda hiyo miezi fuata chakula na usingizi, tripu ya bahari iwe bonasi. Julai na Agosti ni kamari ya nyangumi na mawimbi kwa pamoja.

Haya, ganji. SGR kutoka Nai hadi Mombasa ni 1,500 kwa behewa la kawaida, tangu bei ipande Januari 2024, so kwenda na kurudi ni 3,000. Watu wengi wanatoroka hesabu hapo na kurukia hoteli ya kulipiwa kila mlo. Kama uko baharini kutoka asubuhi hadi jioni, na chakula cha mchana kiko ndani ya tripu, ile lanchi ya hoteli uliilipia nani? Chukua chumba cha kulala na chai tu, ama mbogi nzima mkodi nyumba mpike.

Bei ya chombo nayo huja kwa njia mbili. Wasini mara nyingi unalipa kwa kichwa. Lamu na Watamu mara nyingi unaeza kodi chombo kizima, na hapo wingi ni nguvu. Tuseme nahodha anataka 12,000 ya jioni moja na mko wanane: kila mtu ni 1,500. Mkiwa wawili, ni 6,000 kila mmoja na mapenzi yanaanza kuyumba. Uliza pia kama ada ya KWS iko ndani ya bei ama iko kando. Ada hiyo hulipwa kwa eCitizen, na ya raia ni chini sana kuliko ya mgeni. Kwa hivyo bebeni ID, zile zenyewe, si picha ya 2019 kwa gallery. Na ukiskia bei imetajwa kwa dola ilhali umezungumza Kiswahili, sema asante na usonge kwa mwingine.

Dipoziti. Jirani yangu alituma ya watu watano kwa namba ya simu ya mtu binafsi, ju ukurasa ulikuwa na picha safi na komenti tamu. Walifika Ukunda, simu imezimwa, na zile picha kumbe zilikuwa za boti ya watu wengine kabisa. Lipa kwa till ama paybill yenye jina linalofanana na biashara, dipoziti iwe kidogo, kubwa ulipe ukiwa umeona chombo. Bora hata ufike siku moja mapema, utembee ufuoni, uongee na watu. Mabichiboi wanasumbua, ni ukweli, lakini kati yao kuna manahodha wenye leseni na hiyo bahari wameijua tangu utotoni.

Leseni si mapambo. Vyombo vya baharini hukaguliwa na Kenya Maritime Authority, na chombo cha kubeba watu lazima kiwe na jaketi za kuokolea za kutosha. Hesabu. Kabisa, hesabu kwa kidole kabla ya kupanda, na uvae yako hata kama inaharibu luku. Feri ya Mtongwe ilizama Aprili 1994, karibu kabisa na nchi kavu, na zaidi ya watu 250 wakafa. Bahari haihitaji kuwa mbali ndio ikumalize. Boti ikijaa kupita kiasi, ama nahodha ananukia mnazi, shuka. Dipoziti ya elfu moja isikufanye uone aibu kushuka.

Kichefuchefu nacho hakina heshima, kitakupata mbele ya crush. Kunywa dawa ya safari kama lisaa kabla, si wakati tumbo tayari linaimba. Kaa katikati ya chombo, angalia mbali kule bahari inakutana na anga, weka simu chini. Na zile sherehe za usiku wa kuamkia tripu, ahirisha. Hangover pamoja na kusi, manze, hapana.

Hii kitu haifai kila mtu. Kama una siku mbili pekee, na moja yote inaishia kwa treni, usijilazimishe. Kama unaogopa maji mpaka usingizi unakosa, anza na Mida Creek, kwa maji yaliyotulia, alafu upite Dabaso ule samosa za kaa ukiangalia mikoko. Kama doo imeisha, ufuo bado ni wako: Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, hata kama askari wa hoteli amekunja uso. Na ukitaka tu kuskia chombo kikitetemeka chini ya miguu na upepo wa chumvi usoni, feri ya Likoni haitozi mtu wa miguu hata shilingi. Panda kitu saa kumi na moja jioni, simama ukingoni, shika simu vizuri.