Mimbari ya siku za kazi

Kuna dhana iliyokita mizizi katika shule zetu, nayo ni kwamba mambo ya roho yana saa yake na mahali pake. Kengele ya kipindi cha dini ikilia, mwanafunzi hufungua kitabu kitakatifu. Ikilia tena, hukifunga, akafungua cha hisabati na pamoja nacho maisha mengine yasiyohusiana kamwe na yale aliyoyasoma. Si ajabu basi kwamba kijana anayepata alama za juu katika somo la dini aweza kuingia katika chumba cha mtihani na kikaratasi cha majibu ndani ya soksi, wala asione mgongano wowote.

Yapo madhehebu ambayo tangu mwanzo yalikataa mgawanyiko huu. Hao ni Marafiki, ambao wengi huwajua kwa jina la Wakweka. Walichipuka Uingereza katikati ya karne ya 17, George Fox akiwa kiongozi wao mashuhuri. Hapa Kenya waliingia mwaka wa 1902, wamishenari watatu kutoka Marekani walipofungua kituo Kaimosi, na leo nchi yetu ndiyo yenye Marafiki wengi zaidi duniani. Wasomaji wengi wa sehemu za Vihiga, Kakamega na Bungoma walipata elimu yao katika shule zilizoasisiwa nao.

Kwa desturi, Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawaandai meza ya mkate na divai. Jambo hili huwashangaza Wakristo wengine, ila lina hoja yake. Wao huamini kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu. Na ikiwa ni hivyo, kila mlo waweza kuwa meza Yake, na Jumanne ni takatifu sawa na Jumapili. Kwa ajili hiyo walikataa kula kiapo mahakamani, wakisema kwamba anayeapa kusema kweli leo anakiri kwamba jana hakulazimika kuisema. Wengi walifungwa kwa msimamo huo. Madukani nako, wakati ambapo wauzaji walizoea kupandisha bei ili wapatane na mnunuzi, wao walitaja bei moja tu kwa tajiri na kwa maskini. Hatimaye watu wakawaamini hata wakawa wanamtuma mtoto mdogo dukani bila hofu ya kupunjwa. Hiyo, ndugu msomaji, ilikuwa mahubiri yasiyo na mimbari.

Mfano ulio bora zaidi ni wa John Woolman, Rafiki aliyezaliwa mwaka wa 1720 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba, alipokuwa mtoto, alimwona ndege ameketi kiotani. Ndege yule aliruka, akawa anazungukazunguka akilia kwa ajili ya makinda yake. Woolman akamrushia mawe, moja likampata, akaanguka na kufa. Kwanza mtoto alifurahia shabaha yake. Punde si punde akaingiwa na kitetemeshi, maana alitambua kwamba makinda yale yangekufa kwa njaa. Akaukwea mti, akayaua yote ili yasiteseke, na tendo hilo likamsumbua kwa muda mrefu. Hapakuwa na mchungaji wala mwalimu chini ya mti ule. Ni wavulana wangapi wetu wenye manati ambao wamesimama mahali pale pale, ila hawakupewa nafasi ya kutafakari walichokiona?

Woolman alipokuwa kijana akifanya kazi dukani, mwajiri wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Aliiandika, maana aliagizwa ghafla na mnunuzi alikuwa mzee wa dhehebu lake mwenyewe. Lakini roho ilimuuma, akawaambia waziwazi kwamba utumwa hauafikiani na dini ya Kikristo. Baadaye alipoombwa kuandika hati nyingine ya aina hiyo, alikataa. Maisha yake yote yaliyosalia aliyatumia kwenda nyumba kwa nyumba akiwasihi Marafiki wenzake wawaachilie watumwa. Alifariki mwaka wa 1772. Miaka minne baadaye, mkutano mkuu wa Marafiki wa Philadelphia ulipiga marufuku wanachama wake kumiliki watumwa.

Tazama basi jinsi mambo makubwa yanavyoanzia padogo. Hati ile ilikuwa karatasi tu, kazi ya dakika chache mezani. Kadhalika kikaratasi cha soksini ni karatasi tu. Na msimamizi wa mtihani anayegeuza uso ili asione anageuza shingo tu. Lakini wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Daktari, hakimu na mhandisi wa kesho wanafinyangwa katika vijambo hivi ambavyo tunaviita vya kawaida.

Yupo mwalimu atakayeuliza: nitapata wapi wasaa wa kutafakari nikiwa na wanafunzi sitini na silabasi isiyokwisha? Swali lake ni la haki. Hata hivyo, Marafiki hawakubuni somo jipya. Walijifunza kunyamaza na kujiuliza maswali. Ibada yao ya asili ni ya kimya, na ingawa makanisa yao mengi hapa nchini yana wachungaji na nyimbo, desturi ya kujihoji haijafutika. Dakika tatu za kimya kabla ya wanafunzi kwenda nyumbani hazitaharibu ratiba yoyote. Waulizwe, wajijibu moyoni: Leo nimesema kweli pale ambapo uongo ungenifaa? Ni nani niliyemdharau? Ni jambo gani nililoliona nikajifanya sikuliona? Naye mwalimu ajiulize yayo hayo, kwa kuwa mtoto huiga anachokiona kuliko anachoambiwa.

Si lazima mtu awe Rafiki ili afanye hivyo. Mwislamu, Mkatoliki na hata asiye na dini wanaishi siku ile ile, yenye foleni ya maji, daftari la kusahihishwa na jirani wa kusalimiwa. Mafunzo yamo humo tele. Lililopungua ni utulivu wa kuyasoma, na ujasiri wa kuyatii pale yanapotugharimu.