Si Kila Kima ni Mwizi wa Maembe

Msimu wa maembe ukifika, huku kwetu Pwani vita huanza. Manati hutolewa, mbwa huitwa, na kila chenye mkia mrefu juu ya mti huhukumiwa mwizi. Leo nataka tuitazame riziki ya viumbe hawa wa mitini, kwani nahisi tunawahukumu kwa jumla, na hukumu ya jumla haina haki.

Tuanze na mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani, ambaye bado anaonekana Diani na katika misitu ya Kwale. Chakula chake kikubwa ni majani. Tumbo lake limegawanyika vyumba, kama la mbuzi, na ndani yake mna vijidudu vinavyochachua majani mpaka yatoe nguvu. Kazi hiyo ni ya polepole. Ndiyo maana utamwona ameketi tawini saa nyingi ukadhani ni mvivu, kumbe tumbo liko kazini.

Tumbo la namna hiyo haliwezi sukari nyingi. Tunda tamu likichachuka humo kwa haraka, asidi huzidi na mnyama huumwa, hata kufa. Kwa hiyo mbega huchagua majani machanga, vichipukizi, maua, mbegu na matunda mabichi. Embe bivu si chakula chake. Mgeni anayempa ndizi au mkate ili apige picha, anamdhuru huku akidhani anamkirimu.

Kima wa kawaida, tumbili na nyani ni habari nyingine. Hawa tumbo lao ni la kawaida kama letu, na hula matunda, mbegu, maua, majani na hata wadudu. Wana mifuko ndani ya mashavu: huingia shambani, hujaza upesi, kisha hukimbia kwenda kutafuna mahali pa salama. Hasara wanayompa mkulima ni ya kweli, na simlaumu anayelinda mahindi yake. Lakini msituni hao hao ni wapandaji miti. Mbegu wanazotema au kuzitoa na kinyesi huanguka mbali na mti mama, na hapo huota.

Nendeni Unguja muone ajabu nyingine. Karibu na msitu wa Jozani, kima punju hula majani ya mikungu na miembe iliyopandwa na watu. Majani hayo yana lishe nzuri, ila yana kemikali zinazosumbua tumbo. Basi kima punju hula mkaa! Huuokota penye visiki vilivyoungua, kwenye matanuri ya mkaa na hata karibu na majiko. Mtafiti Struhsaker na wenzake walichapisha uchunguzi wao mwaka 1997, wakaeleza kuwa mkaa huo hunasa zile kemikali na kuacha lishe. Hospitali nazo hutumia mkaa maalumu kwa mtu aliyekunywa sumu. Subhanallah, mnyama hakusoma duka la dawa, lakini dawa yake anaijua.

Sasa tuje Mto Tana. Katika misitu ya kingo zake wanaishi mbega mwekundu na mangabe, aina mbili zisizopatikana popote pengine duniani. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976, na bado wamo hatarini kabisa kutoweka. Mbega mwekundu anategemea majani, mangabe anategemea sana matunda na mbegu, hasa za mkuyu na mkindu. Mkindu huo huo ndio watu wanaoutaka kwa mikeka, kuezekea na kugemea tembo. Mti mmoja, wadai wawili. Mkindu ukiisha, mangabe hana duka jingine, na msusi wa mikeka naye hukosa ukindu.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Tukifyeka msitu, mbega hawezi kuhamia shambani akala ugali. Hufa kimya kimya. Kima na nyani ndio watakaohamia, na vita vya maembe vitazidi. Wazee wa Kimijikenda walizilinda kaya zao kwa miiko, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia. Huko Kaya Kinondo, karibu na Diani, miti ya chakula bado imesimama kwa sababu ya miiko ile.

Nasi tunaweza kufanya madogo. Tusiwape wanyama hawa chakula chetu. Taka za jikoni tuzifunike. Tunapojenga, tuache miti ya asili ikutane matawi, mbega apite juu asishuke barabarani kugongwa na gari. Na kabla ya kurusha jiwe, mtu atazame vizuri aliye juu ya mwembe: huenda anatafuna majani tu.