Kijiti cha puani ni cha nini?

Ukienda kwa daktari na homa ya mafua, huenda akakuchukua ute puani kwa kijiti cha pamba. Mimi mara ya kwanza niliogopa: au wananichunguza kwa ajili ya kibali? Hapana. Kinachotafutwa ni kirusi.

Tangu 1984 baadhi ya madaktari nchini hupeleka ute huo kwenye maabara ambayo leo ni NICD, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza iliyoko Sandringham, si mbali na hapa Observatory. Sampuli zenye kirusi zikiongezeka, hutangazwa kwamba msimu wa homa umeanza.

Lakini usingoje tangazo. Chanjo huchukua wiki mbili hivi kukukinga. Mama mjamzito, mzee wa miaka 65, mwenye kisukari au VVU: ulizia kliniki ya serikali kabla ya baridi.