Jua la Mbomole Hulitangulia la Tanga

Mswahili huhesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza. Saa 1 ni saa ya kwanza ya mchana, saa 6 ni adhuhuri, na saa 12 za jioni ni machweo. Hesabu hii haikubuniwa ovyo. Ni hesabu ya watu wakaao karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mtu wa Stockholm akijaribu kuitumia atavurugikiwa, kwani huko jua la mwezi Juni huchomoza wakati ambao sisi tungeuita saa 9 na nusu za usiku.

Hata hivyo, msomaji akiitazama saa yake ya mkononi akiwa Tanga, ataona kwamba jua halichomozi saa 12 barabara. Aghalabu huchelewa. Sababu ni kwamba saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo ya digrii 45, mstari upitao karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake. Kwa kila digrii moja jua hutumia dakika 4. Amani, iliyo katika longitudo ya digrii 38.6 hivi, hulisubiri jua kwa wastani wa dakika 25 baada ya saa kutuambia kwamba ni wakati wake. Adhuhuri ya kweli ya Amani basi huja saa 6 na dakika 25 kwa wastani, wala si saa 6 kamili.

Lakini ipo njia ya kulipunja jua dakika chache, nayo ni kupanda mlima. Mlima ninaoukusudia ni Mbomole, juu ya Amani, katika safu ya Usambara Mashariki wilayani Muheza. Kilele chake kinazidi mita 1000 kutoka usawa wa bahari. Wageni wengi wafikao katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, huongozwa hadi huko na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Wengine huja kupiga picha tu. Sina ugomvi na picha, ila nadhani mgeni apandaye kilele kile kabla ya mapambazuko akashuka na picha peke yake ameacha huko juu sehemu kubwa ya kile alichokilipia.

Amani yenyewe ni jina linalojulikana sana katika historia ya sayansi ya nchi yetu. Wajerumani walifungua hapo taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, pamoja na bustani ya miti kutoka pande zote za dunia. Waingereza wakaendeleza utafiti wa kilimo, na baadaye uchunguzi wa malaria ukachukua nafasi. Mtaalamu wa ndege Reginald Moreau alifanya kazi hapo tangu 1928 hadi 1946, na jina lake limebakia katika ndege mmoja mdogo wa misitu ile, Artisornis moreaui, ambaye ni adimu mno.

Septemba iliyopita nilipanda Mbomole pamoja na wanafunzi 6 wa mwaka wa pili. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kisambaa ambaye ameijua njia ile tangu utoto. Alitutaka tuwe tayari saa 10 na nusu za usiku. Mwanafunzi mmoja alinung'unika kwamba jua lingetoka baada ya saa 12, na njia si ndefu; ya nini kuamka na majogoo?

“Mwanangu,” mzee akamjibu, “jua hulioni kwa kulifuata. Utangulie wewe, lenyewe likukute umekaa.”

Jibu hilo lina msingi wa kisayansi, nao una sehemu mbili. Kwanza, macho ya binadamu hutaka takriban nusu saa gizani kabla hayajaweza kuona nuru hafifu, na tochi ya mara moja huiharibu kazi hiyo yote. Pili, mapambazuko huanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Nuru ya kwanza huonekana jua likiwa bado digrii 18 chini ya upeo wa macho, na kwa kuwa kwetu jua hupanda karibu wima, hutumia dakika zipatazo 70 kuupanda umbali huo. Kaskazini ya Ulaya, nilikosomea, jua hupanda kwa kulala kama mtu apandaye mlima kwa kuzunguka, na mapambazuko ya kiangazi hudumu saa nyingi.

Kabla ya nuru hiyo tuliona nyingine. Upande wa mashariki ulisimama mwanga mwembamba kama moshi, mpana chini na mwembamba juu, umeinuka kutoka ukingo wa dunia. Masheikh wa pwani wanaujua tangu zamani; huuita alfajiri ya uongo, kwa sababu haumruhusu mtu kusali sala ya alfajiri wala haumzuii mfungaji kula daku. Wanajimu wa leo wanaeleza kwamba ni nuru ya jua inayotawanywa na vumbi jembamba lililoenea kati ya sayari. Vumbi hilo limekaa katika bapa lile lile ambamo sayari huzunguka, na kwa kuwa karibu na ikweta bapa hilo husimama wima alfajiri, sisi tunauona mwanga huo vizuri kuliko watu wa kaskazini. Alfajiri ya kweli hutandaa kwa upana, kulia na kushoto. Hakuna aliyehitaji darubini kuzitofautisha.

Kisha msitu ukaanza kusema. Mbega dume mmoja alinguruma bondeni, wa pili akamjibu kutoka ng'ambo, na baada ya kitambo hondohondo wakapita juu yetu, mabawa yao yakivuma kama mifua ya mhunzi.

Sasa tuliangalie jua lenyewe. Mtu aliyesimama ufukoni Ras Kazone, macho yake karibu na usawa wa maji, huona bahari kwa kilomita 5 hivi tu, kwa kuwa dunia ni mviringo na maji hujikunja kumwepuka. Mtu aliye mita 1000 juu huona mbali zaidi. Kwa hesabu, upeo wake uko kilomita 122. Pwani ya Tanga iko kilomita 50 na kidogo kutoka Amani. Upeo wa Mbomole basi haukomei Tanga, bali huvuka mkondo wa bahari hadi kukigusa kisiwa cha Pemba, pande za Wete. Naye aliye kileleni huliona jua wakati ule ule linapochomoza kwa mtu aliye kwenye upeo wake. Kwa maneno mengine, Mbomole hupata macheo pamoja na Pemba.

Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Tanga iko mashariki ya Amani, kwa hiyo inastahili kulipata jua kwanza, kwa karibu dakika 2. Lakini urefu wa mlima humpa mtu wa Mbomole dakika 4 na sekunde 24 hivi. Ukitoa zile 2 za Tanga, inabaki kwamba mtu wa mlimani hulitangulia jua la ufukoni kwa dakika 2 na ushei. Yeye anapoona ncha ya kwanza, Ras Kazone bado wanangoja.

Tena ncha hiyo si mahali jua lilipo. Hewa huipinda nuru iingiayo kwa mshazari, na upindaji huo karibu na upeo wa macho ni zaidi kidogo ya upana wa jua lote. Jua unaloliona limekaa juu ya maji kwa ukamilifu, kwa kweli bado liko chini yake. Tena ukingo wake wa chini huinuliwa kuliko wa juu, ndiyo maana jua changa huonekana limebonyea kama chungwa lililokaliwa.

Siku hiyo, tarehe 23 Septemba, hesabu yangu ilinipa saa 12 na dakika 10. Wanafunzi wakatoa saa zao. Dakika ya 10 ikapita, ya 12, ya 15. Juu ya bahari kulikuwa na ukanda wa wingu mwembamba kama utepe, na jua lilipotoka juu yake ilikuwa imetimia dakika ya 19. Mzee hakushangaa. Alituambia kwamba utepe ule huwapo mara nyingi, na kwamba wingu la asubuhi baharini humwambia mkulima habari zaidi kuliko jua.

Ukirudi katika miezi mingine utaona kwamba mahali pa kuchomozea hapatulii. Mwishoni mwa Machi na Septemba jua hutoka karibu sawasawa juu ya mji wa Tanga. Mwezi Juni, kusi likivuma, limesogea kaskazini hata likatoka kwenye bahari iliyo kaskazini ya Pemba. Mwezi Desemba, wakati wa kaskazi, limehamia kusini ya kisiwa hicho. Pemba nzima basi imo ndani ya matembezi ya jua ya mwaka mmoja, kana kwamba iliwekwa iwe kipimo. Na saa nazo hubadilika: kileleni jua hutoka kabla kidogo ya saa 12 mwanzoni mwa Novemba, na mnamo saa 12 na nusu katikati ya Julai.

Yule mkulima na wingu lake ndio wanaonileta kwenye jambo lililo kubwa kuliko dakika hizi. Kwa nini wageni huamshwa usiku, wala hawaambiwi wapande saa 4, wakati mtu ameshakunywa chai? Kwa sababu saa 4 aghalabu hakuna kinachoonekana. Usiku nchi hupoa, hewa baridi huteremka mabondeni, na ukungu hulala chini kando ya mto Zigi huku kilele kikiwa wazi. Jua likishaipasha joto nchi, upepo wa bahari huamka na kuipandisha hewa ya pwani mlimani. Chukua hewa ya Tanga yenye joto la digrii 30, ambayo mvuke wake ungegeuka umande kama ingepozwa hadi digrii 23. Kila mita 100 inazopanda, hewa hupoa kwa digrii moja, na kiwango cha umande nacho hushuka kwa sehemu 2 za kumi ya digrii. Viwili hivyo hukutana baada ya mita 875 hivi. Hapo wingu huzaliwa, na hapo ndipo ilipo Amani.

Wingu hilo ndilo linaloipa Amani mvua ya karibu milimita 1900 kwa mwaka. Miti nayo hulichana kwa majani yake na kudondosha maji hata siku zisizo na mvua. Maji hayo huteremka Zigi hadi bwawa la Mabayani, na kutoka huko hufika katika mabomba ya jiji la Tanga.

Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu hii ilikatwa kwa mashine, na mahali palipofunguka mti mgeni uitwao mhesi, Maesopsis eminii, ukajaa kwa kasi, mbegu zake zikisambazwa na hondohondo wale wale waliotufurahisha. Mwaka 1989 A. C. Hamilton na R. Bensted-Smith walihariri kitabu kuhusu uhifadhi wa Usambara Mashariki, ambamo kumbukumbu za vituo vya hali ya hewa zilichunguzwa kuona kama mabadiliko yameshaanza. Baadaye, katika muongo wa kwanza wa karne hii, wakulima wa iliki wa Derema waliachishwa mashamba yao msituni kwa fidia, ili ushoroba wa miti usikatike. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo haijafungwa. Mkulima aliyeacha iliki anamlindia wingu mtu wa Chumbageni ambaye hajawahi kumwona, na malipo ya mara moja hayalingani na maji yanayotiririka kila siku. Bei ya maji ya Tanga ingefaa iwe na sehemu ya kudumu inayopanda mlimani, kama hewa ya saa 4 inavyopanda.

Walimu wa sekondari wataniuliza wafanye nini na haya. Jaribio ni rahisi. Wanafunzi wa Muheza wapande Mbomole pamoja na kiongozi, wa Tanga wasimame Ras Kazone, kila upande na simu na saa zilizolinganishwa, katika asubuhi ya Septemba au Machi isiyo na utepe wa wingu. Waandike sekunde ambayo ncha ya kwanza imeonekana. Watafute tofauti, waongeze dakika 2 pungufu kidogo za longitudo, kisha wazigeuze kuwa pembe kwa kuhesabu digrii moja kwa dakika 4. Urefu wa mlima, pamoja na pembe hiyo, utawapa nusu kipenyo cha dunia. Al-Biruni alikwisha kutumia mlima na upeo wa macho kwa kazi hiyo hiyo huko Nandana, katika Pakistani ya leo, mnamo karne ya 11, ingawa yeye alipima pembe kwa chombo, si kwa saa.

Jibu lao litakuwa karibu kilomita 5400, nalo la vitabuni ni 6371. Mwalimu asiwaambie kwamba wamekosea. Upungufu ule, takriban sehemu moja ya saba, umetokana na hewa kuipinda nuru juu ya bahari na kuusogeza upeo mbali zaidi, na mwanafunzi atakayeligundua hilo mwenyewe atakuwa ameipima hewa iliyoko kati ya Amani na Pemba.