Umemnunulia mtoto gemu, au umeazimwa tu?

Baba mmoja wa Bukundi, wilayani Meatu, aliuza pamba msimu uliopita, akalipa madeni, akanunua mabati, na kilichobaki akakitumia kutimiza ahadi. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, na baba alikuwa amemwahidi PlayStation kama zile za kwenye kibanda cha gemu.

Alisafiri hadi Mwanza. Dukani alionyeshwa PlayStation 4 iliyotumika, bei zaidi ya laki nne. Kilichomvutia ni maneno ya muuzaji kwamba ndani zimo gemu 11, kwa hiyo hatanunua nyingine tena. Juu yake akaongezewa diski moja ya mpira, kwenye kasha lililopasuka.

Wiki tatu nyumba ilijaa watoto wa jirani. Wiki ya nne kijana aliiunganisha mashine na intaneti ya simu ya mama yake. Muda si mrefu alama ndogo ya kufuli ikatokea kwenye kila gemu. Zote 11 zikagoma. Iliyoendelea kucheza ni ile ya diski, ya kwenye kasha lililopasuka.

Baba alipopiga simu dukani alijibiwa kwa adabu: “Shikamoo mzee. Mashine ni yako, hilo halina ubishi. Ila zile gemu zilikuwa za akaunti ya mtu, na mwenyewe ameihamishia kwenye mashine yake nyingine.”

Muuzaji alipaswa kuyasema hayo kabla ya kupokea pesa. Lakini alichosema ni kweli, na wazazi wengi hatukijui. Mashine inaweza kuwa yako kabisa, huku gemu zilizomo zikiwa za mtu mwingine.

Ng'ombe wa kukabidhiwa

Usukumani jambo hili si geni. Mtu mwenye mifugo mingi anaweza kumkabidhi jirani yake ng'ombe amtunze. Jirani anakamua maziwa, watoto wake wanakunywa, samadi inakwenda shambani kwake. Lakini hawezi kumpeleka ng'ombe huyo mnadani. Siku mwenyewe akimhitaji, anamchukua.

Gemu inayopakuliwa kutoka mtandaoni ni ng'ombe wa namna hiyo. Unalipa, mtoto anacheza, lakini ulichopewa ni ruhusa ya kuitumia ndani ya akaunti fulani. Huwezi kuiuza wala kumrithisha mdogo wake akiwa na akaunti yake. Gemu ya diski halali ni ng'ombe wako mwenyewe. Ukichoka naye, unauza.

Tofauti hii haikuja kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi watengenezaji wa gemu wamekuwa wakitafuta namna ya kukabiliana na mtumba.

Kwa nini mtumba unawauma

Shati la mtumba huwa limepauka, na anayetaka jipya bado atakwenda dukani. Gemu haipauki. Diski iliyopita mikononi mwa watu watano, kama haijakwaruzika, inacheza sawasawa na mpya. Kampuni inapata fedha mara moja tu, diski inapouzwa mara ya kwanza. Marekani, maduka ya GameStop yalijenga biashara kubwa kwa kununua gemu kutoka kwa wateja na kuziuza tena, na katika mauzo hayo ya pili aliyeitengeneza gemu hapati kitu.

Malalamiko yao yana uzito. Kutengeneza gemu ni kazi ya miaka, na wapo watu wa ukanda wetu wanaoifanya. Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake, The Adventures of Nyangi, mwaka 2007. Kijana kama huyo akitaka kuishi kwa kazi yake, lazima mtu alipe mahali fulani.

Tusichanganye mtumba na kopi, hata hivyo. Vibanda vyetu vingi vilianza na mashine za kuchipu na diski za kunakiliwa. Hapo mtengenezaji hapati hata senti ya kwanza, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Diski halali iliyotumika ni jambo jingine. Mtengenezaji alishalipwa mara moja, na swali ni kama anastahili kulipwa tena.

Sheria za nchi kadhaa zimejibu hapana. Mwaka 1908, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mchapishaji akishauza kitabu hawezi kumpangia mnunuzi bei ya kukiuzia tena. Japani nayo, mwaka 2002, mahakama ya juu iliamua kwamba kampuni haziwezi kuzuia uuzaji wa gemu zilizotumika. Kwa hiyo kampuni zilitafuta njia nyingine.

Njia nne walizojaribu

Ya kwanza ilikuwa kumtoza mnunuzi wa pili. Kuanzia mwaka 2010 kampuni ya EA iliweka ndani ya kasha namba ya siri inayotumika mara moja tu. Aliyenunua diski ya mtumba alitakiwa kulipa kama dola 10 ili acheze na wenzake mtandaoni. Wateja walichukia, na mwaka 2013 EA ikaachana na utaratibu huo.

Ya pili ilikuwa amri. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One italazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24. Diski ingeweza kupewa rafiki mara moja tu, tena rafiki mliyeunganishwa mtandaoni kwa siku zisizopungua 30. Hebu fikiria masharti hayo kwa mtoto wa Bukundi ambaye bando la nyumbani ni la mama, na likiisha limeisha. Wapinzani wao, Sony, walijibu kwa video fupi ya kukopeshana gemu kwenye PlayStation 4: mtu mmoja anamkabidhi mwenzake diski, basi. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft ilirudi nyuma.

Ya tatu haikuhitaji kugombana na mtu, nayo ilifaulu. Ni kuiondoa diski yenyewe. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, ilikuja na aina ya bei nafuu isiyo na tundu la diski. Mzazi anaona ameokoa fedha, lakini kuanzia siku hiyo kila gemu atainunua duka moja tu, kwa bei ya duka hilo, na hataiuza kamwe. Mkopo na zawadi ya jirani vimekwisha.

Kuna hatari nyingine hapa. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014, ilitegemea mitambo ya kampuni kufanya kazi. Mitambo ilizimwa mwisho wa Machi 2024 na gemu ikafa, hata kwa waliokuwa na diski yake. Ufaransa, mahakama ya Paris ilisema mwaka 2019 kwamba mnunuzi wa gemu ya mtandaoni ana haki ya kuiuza tena, lakini mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka 2022. Jimbo la California, Marekani, lilichagua kuwabana wauzaji waseme ukweli. Tangu Januari 2025, duka la mtandaoni linatakiwa kumweleza mteja wazi kwamba anapewa leseni tu.

Ya nne ndiyo iliyoingia kwenye simu zetu. Ni gemu ya bure. Wazazi wenye vijana wanaijua PES, gemu ya mpira iliyotawala vibanda. Mwaka 2021 kampuni ya Konami iliibadili jina kuwa eFootball na kuitoa bure. Gemu ya bure haina mtumba, kwa sababu hakuna atakayekuuzia kinachopatikana bure. Fedha inatafutwa ndani ya mchezo: wachezaji nyota na pakiti za kubahatisha ambazo hujui utampata nani. Ubelgiji iliona pakiti za aina hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti kwenye gemu yake ya FIFA.

Hapo zamani mzazi alilipa mara moja akajua hasara yake. Sasa anaweza kulipa kidogokidogo bila kujua jumla.

Wangeweza kufanya nini?

Zipo njia ambazo hazimuumizi mtengenezaji wala mzazi. Kushusha bei gemu inapozeeka kunapunguza sababu ya kutafuta mtumba. Kuongeza viwanja na timu bila malipo kunamfanya mtoto asiharakishe kuiuza diski yake. Nintendo, mwaka 2025, ilianzisha utaratibu wa kumwazima mwanafamilia gemu ya kidijitali kwa wiki mbili, kisha inarudi yenyewe kwa mwenyewe. Ni kidogo, lakini ni kukiri kwamba watoto huazimana vitu na hilo si kosa.

Kabla hujatoa pesa

Mzazi mwenzangu, ukienda kununua mashine iliyotumika, zingatia haya.

Usihesabu gemu zilizomo ndani. Mwombe muuzaji aifute mashine mbele yako mpaka ibaki kama mpya. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho unachokinunua. Akikataa, jiulize kwa nini.

Ijaribu kwa diski. Iingize, icheze dakika kumi, itoe, uirudishe. Hakikisha mashine ina tundu la diski, maana siku hizi si zote zinalo.

Soma kasha. Kama limeandikwa kwamba intaneti inahitajika ili kucheza, na kwako mtandao ni wa kubahatisha, liache.

Fungua akaunti kwa jina lako na barua pepe yako, na neno la siri ulihifadhi wewe. Akaunti iliyofunguliwa na fundi au na kijana wa dukani ni ya kwake.

Kwenye simu, weka neno la siri kwa kila manunuzi, hata ya shilingi mia tano. Usihifadhi kadi ya benki kwenye simu anayochezea mtoto.

Mwisho, kwa kila gemu muulize muuzaji swali moja: “Mwanangu akiichoka, anaweza kumpa mwenzake?” Jibu likiwa ndiyo, umenunua kitu. Likiwa hapana, umelipia ruhusa, na bei yake iwe ya ruhusa.

Nilipofika Bukundi mara ya mwisho, nilimkuta yule baba ameshamaliza hasira. Mashine ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi. Nikamuuliza kijana kama hajachoka kucheza mpira uleule kila siku.

“Hapana, shikamoo,” alisema, akakimbilia chumbani. Alirudi na kasha nisilolifahamu, gemu ya mbio za magari. Binamu yake wa Mwanhuzi alikuja nayo wakati wa likizo, naye akaondoka na ile ya mpira. Wamekubaliana kurudishiana Desemba.

Baba yake alinitazama akacheka. “Hiyo haikuomba ruhusa ya mtu,” alisema.