Mwanafunzi Amfundisha Mwenzake Kuuguza

Mtu aweza kusikia habari za kusuka ukili mchana kutwa, lakini asiposhika miyaa mkononi, ukili hautapatikana. Kazi ya kuuguza wagonjwa ni vivyo hivyo. Kichwa cha mwuguzi sharti kijue, na mkono wake pia sharti ujue.

Jambo hili lilifahamika tangu zamani. Mwaka 1860 Florence Nightingale, mwanamke Mwingereza aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', mjini London. Wanafunzi walikaa humo hospitalini mwaka mmoja, wakajifunza kazi kando ya vitanda vya wagonjwa, chini ya wauguzi wakubwa.

Siku hizi shule nyingi za wauguzi zimeongeza njia nyingine: wanafunzi waliotangulia huwafundisha walio nyuma yao. Wa mwaka wa tatu huwaonyesha wa mwaka wa kwanza jinsi ya kunawa mikono, kufunga bendeji, na kuhesabu mapigo ya moyo. Hujizoeza kwanza katika chumba cha mazoezi, juu ya sanamu au juu ya wenzao walio wazima, kabla ya kumgusa mgonjwa.

Kuhesabu mapigo huonekana kuwa kazi rahisi, lakini ina mambo yake. Mwenye kuhesabu huweka ncha za vidole viwili au vitatu juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mahali mshipa upitapo karibu na ngozi. Hatumii kidole gumba chake, maana kina mpigo wake, naye aweza kuhesabu moyo wake mwenyewe akidhani ni wa mgonjwa. Hugandamiza kidogo tu, kwani akikaza sana mpigo hupotea. Kisha hutazama saa, akahesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakizidi sana, huenda mgonjwa ana homa, au damu yamtoka ndani ya mwili pasipo kuonekana. Basi hesabu ya uongo si kosa dogo: yaweza kuficha hatari, na msaada ukachelewa.

Mwaka 1998 daktari mpasuaji Rodney Peyton alieleza njia ya kufundisha kazi za namna hii kwa hatua nne. Kwanza, mwenye kufundisha huifanya kazi yote kama ifanywavyo siku zote, pasipo kusema neno. Pili, huirudia polepole, akieleza kila tendo na sababu yake. Tatu, anayejifunza ndiye anenaye: humwambia mwenzake la kufanya, naye mwenzake hulitenda. Nne, anayejifunza hutenda mwenyewe, huku akieleza. Hatua ya tatu ni kipimo kikubwa, maana hapo hufichuka lile alilodhani amelifahamu, kumbe bado. Wala hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Lakini kwa nini afundishwe na mwanafunzi, na walimu wapo? Vidole vya mwalimu huupata mshipa bila kufikiri, naye huenda amekwisha kusahau yaliyomtatiza mwanzoni. Mwanafunzi aliyetangulia angali anayakumbuka. Tena kuuliza si ujinga, lakini mwenye haya haulizi. Na lile ambalo mgeni aona haya kumwuliza mwalimu mara tatu, humwuliza mwenzake. Anayefundisha naye hupata faida: hawezi kueleza sababu asiyoijua, basi hurudi kitabuni.

Hata hivyo njia hii ina hatari yake, kwa kuwa kosa nalo hufundishika. Mwanafunzi mmoja akizoea kuhesabu robo ya dakika na kuzidisha kwa nne, hata mapigo yasipokwenda sawasawa, wale kumi atakaowafundisha watafanya kama yeye, nao watawafundisha wengine. Kwa hiyo mwalimu haiachi kazi yake. Huwapima kwanza wale watakaofundisha, huwatazama wanapofundisha, na mwisho humpima kila mmoja aliyefundishwa.

Wanafunzi wenyewe pia waweza kuhakikishana. Wawili humshika mwenzao mikono, mmoja wa kuume na mmoja wa kushoto, wakahesabu katika dakika ile ile pasipo kuambiana. Kila mmoja huandika hesabu yake, ndipo hulinganisha. Zikitofautiana, hawaulizani nani ametangulia shuleni, maana aliyekosa aweza kuwa yule wa mwaka wa tatu. Huanza tena. Mgonjwa hajui nani alimfundisha nani. Ahitaji hesabu iliyo kweli.